Karanga, minyoo na ngozi kavu: mzio wa mtoto huanzia wapi?

Mtoto ana miezi minne. Usiku halali, anasugua mashavu kwenye kanga ya mama yake, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka ngozi inatoa maji. Mikunjo ya viwiko imechubuka, na nyuma ya magoti ngozi imekauka kama gamba. Bibi anasema ni joto. Jirani anasema mama alikula kitu kibaya wakati wa ujauzito. Duka la dawa limeshauza mirija mitatu ya krimu, kila mmoja na rangi yake. Na mama, ambaye amesikia habari za watoto wa Ulaya wanaokimbizwa hospitalini kwa sababu ya karanga moja, ameanza kujinyima chakula kimoja kimoja: kwanza samaki, kisha mayai, sasa maziwa.

Wahudumu wa kliniki za watoto Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa wanamjua mama huyu. Maswali yake ni ya haki, na majibu yake yamebadilika sana katika miaka 20 iliyopita. Mengine yamegeuka juu chini, hata kilichokatazwa mwaka 2000 leo kinahimizwa. Yafuatayo ni maswali ambayo wazazi huyarudia mara nyingi zaidi. Majibu yanatokana na utafiti, na baadhi ya utafiti huo haukufanyika mbali: umefanyika ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Swali: Daktari, huu mzio ni kitu gani hasa? Unaambukiza?

Hauambukizi. Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, baada ya kuona kwamba mwili ukishakutana na kitu fulani hubadilika, na mara ya pili haukipokei kama ulivyokipokea mwanzo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inakosea adui. Inauona ute wa yai, chavua ya nyasi au kinyesi cha utitiri wa vumbi aliyejificha godoroni, na kuvitengenezea kingamwili za aina ya IgE. Kingamwili hizo hujishika kwenye seli zilizojaa histamini, zilizotapakaa chini ya ngozi, puani, mapafuni na tumboni. Siku kitu kile kikirudi, histamini inamwagika. Ngozi inavimba na kuwasha, pua inatiririka, kifua kinabana.

Kwa watoto wengi mambo haya huja kwa msafara. Hutangulia ukurutu, ambao watu wengi huuita pumu ya ngozi, katika miezi ya kwanza. Hufuata mzio wa chakula. Pumu ya kifua na mafua ya mzio huja nyuma, mtoto akikaribia kuanza shule au baadaye. Si kila mtoto hupita vituo vyote. Ila anayeanza na ukurutu mkali akiwa mchanga ndiye wa kuangaliwa kwa karibu, na sababu yake itaonekana huko mbele.

Swali: Mimi nina pumu, na baba yake hupiga chafya kila asubuhi. Mtoto wetu ataponea wapi?

Kurithi kupo. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana pumu, ukurutu au mafua ya mzio yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake, na wazazi wote wawili wakiwa nayo hatari hupanda zaidi. Lakini kinachorithiwa si mzio wa karanga wala wa paka. Ni mwelekeo tu. Mama mwenye pumu anaweza kuzaa mtoto mwenye ukurutu, na baba mwenye mafua akapata mtoto asiye na lolote.

Sehemu moja ya urithi huo ilifichuliwa mwaka 2006, pale watafiti wa Dundee, Uskoti, na wenzao wa Dublin walipoonyesha kwamba hitilafu kwenye jeni ya filagrini humweka mtoto katika hatari ya ukurutu. Filagrini ni protini inayoshikamanisha tabaka la juu la ngozi, kama udongo unavyoziba nafasi kati ya fito za nyumba. Ikipungua, maji yanatoka na vumbi linaingia. Hitilafu hiyo imeenea Ulaya. Kwa Waafrika ni nadra, ilhali ukurutu wenyewe upo tele. Basi jeni peke yake haitoshi kueleza, na haiwezi kueleza hata kidogo kwa nini pumu imeongezeka mijini ndani ya kizazi kimoja au viwili. Jeni za ukoo hazibadiliki kwa miaka 40. Kilichobadilika ni mazingira anayokutana nayo mtoto, kuanzia kabla hajazaliwa.

Swali: Nina mimba ya miezi mitano. Niache karanga, mayai na samaki ili nimkinge?

Hakuna haja. Majaribio yaliyolinganisha wajawazito waliojinyima vyakula hivyo na waliokula kama kawaida hayakuonyesha kinga kwa mtoto. Walioelekea kupata hasara ni akina mama, walioongezeka uzito kidogo kuliko inavyotakiwa. Tena IgE ya mama haivuki kondo la nyuma, kwa hiyo mama mwenye mzio wa kamba hampi mtoto mzio wa kamba kupitia kitovu.

Samaki hata anastahili kusifiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark, wakiongozwa na Hans Bisgaard, walichapisha matokeo ya jaribio la wanawake 736 waliopewa vidonge kila siku kuanzia wiki ya 24 ya ujauzito: wengine gramu 2.4 za mafuta ya samaki aina ya omega-3, wengine mafuta ya zeituni. Watoto walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliopata pumu au kulia kifua kama filimbi kwa kudumu walikuwa asilimia 16.9 upande wa mafuta ya samaki na asilimia 23.7 upande wa pili, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa akina mama ambao damu yao ilikuwa na upungufu wa mafuta hayo tangu mwanzo. Dozi ile ilikuwa kubwa. Sahani ya dagaa si kidonge cha Denmark. Hata hivyo, mjamzito anayeacha dagaa na vibua kwa hofu ya mzio anakikimbia chakula ambacho ushahidi uko upande wake.

Swali: Na moshi? Mimi sivuti sigara, ila napikia mkaa.

Kuhusu sigara ushahidi ni mzito mno kuhitaji mjadala. Mtoto wa mama aliyevuta wakati wa ujauzito huzaliwa na njia za hewa zilizo nyembamba, na kifua chake huanza kulia mapema. Baba anayevutia barazani huku mjamzito ameketi pembeni naye yumo.

Moshi wa jikoni umechunguzwa Kintampo, Ghana, ambako wajawazito walivaa vipimo vidogo vya hewa ya kaboni monoksaidi mwilini walipokuwa wakipika na kufanya shughuli zao. Watoto walipofikisha siku 30, mapafu yao yalipimwa wakiwa usingizini. Waliozaliwa na mama aliyepata moshi mwingi walikuwa na mapafu dhaifu zaidi. Huo si mzio kwa maana kamili ya neno, ila ndio ardhi ambamo pumu humea. Gesi ikipatikana, vema. Isipopatikana, kutoa jiko nje wakati mkaa unashika moto, kutumia kuni zilizokauka na kumpa mjamzito nafasi ya kukaa mbali na jiko ni mambo ambayo nyumba nyingi zinayaweza leo hii.

Swali: Kliniki wamenipa dawa ya minyoo. Nimesikia huleta mzio kwa mtoto. Ni kweli?

Minong'ono hii ina chanzo cha kweli, na chanzo hicho kiko Entebbe.

Kati ya mwaka 2003 na 2005, watafiti wakiongozwa na Alison Elliott katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda waliandikisha wajawazito 2,507. Waliwagawa kwa kura: wengine walimeza albendazoli, wengine kidonge kisicho na dawa, kisha wengine prazikwanteli, inayotibu kichocho, na wengine tena kidonge kitupu. Si mama wala daktari aliyejua nani kapata nini. Watafiti walitarajia kuona watoto wenye afya bora zaidi. Matokeo kuhusu mzio yalipochapishwa mwaka 2011, mwandishi wake mkuu akiwa daktari wa Uganda, Harriet Mpairwe, yaliwashangaza wengi: watoto ambao mama zao walipewa albendazoli walipata ukurutu wakiwa wachanga mara 1.82 ya wenzao. Kwa akina mama waliokuwa na kichocho wakapewa prazikwanteli, tofauti ilikuwa kubwa zaidi.

Kwa nini? Minyoo ni mgeni wa zamani sana katika mwili wa binadamu, na ili asifukuzwe amejifunza kuituliza kinga ya mwenyeji wake. Jambo hili lilikuwa limeonekana Lambaréné, Gabon, mwaka 2000: wanafunzi wenye kichocho, ngozi zao zilijibu utitiri wa vumbi kwa nadra zaidi kuliko za wenzao wasio nacho. Baadaye, wanafunzi wa huko walipotibiwa minyoo mara kwa mara, ngozi zao zilianza kujibu. Inaelekea kinga iliyotulizwa kwa mama hugusa pia mtoto aliye tumboni, hata kama mnyoo wenyewe haumfikii.

Lakini anayeishia hapo anasimulia nusu ya habari. Watoto wale wa Entebbe waliendelea kufuatiliwa, na walipofika miaka 9 tofauti ilikuwa imetoweka. Timu hiyohiyo ilikwenda katika visiwa vya Koome, ndani ya Ziwa Viktoria, ambako kichocho kimeenea sana, ikazigawa jamii 26 za wavuvi: nyingine zilipewa dawa mara nyingi, nyingine kwa kiwango cha kawaida. Baada ya miaka 3 mzio haukuongezeka kwa waliopewa dawa nyingi. Na minyoo si rafiki. Safura hunyonya damu ya mwanamke ambaye tayari anaigawa kwa mtoto. Kichocho huharibu ini na kibofu. Ukurutu wa utotoni unasumbua, unatibika. Upungufu mkubwa wa damu wakati wa kujifungua unaua. Mjamzito aliyepewa dawa ya minyoo kliniki katika muda unaofaa, yaani baada ya miezi mitatu ya kwanza, aimeze.

Swali: Kwa hiyo usafi ndio unaoleta mzio? Mbona watoto wa kijijini hawana mambo haya?

Wanayo, ila kwa uchache. Wazo la usafi lilianza rasmi mwaka 1989, pale David Strachan wa London alipochambua habari za Waingereza 17,414 waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1958. Kadiri mtoto alivyokuwa na kaka na dada wengi waliomtangulia, ndivyo alivyopungukiwa na mafua ya mzio. Mtoto wa kwanza ndiye aliyepiga chafya zaidi. Strachan alidhani kwamba mafua na homa ndogondogo anazoletewa mdogo na wakubwa zake huifundisha kinga yake kazi.

Wazo limerekebishwa tangu hapo. Si uchafu unaokinga, na hakuna mtafiti wa maana anayemshauri mzazi aache kunawa mikono. Kinachoonekana kukinga ni wingi wa bakteria wasio na madhara wanaotoka kwa wanyama, udongo na watu. Mfano mzuri kuliko yote ulitoka Marekani mwaka 2016. Waamish wa Indiana na Wahutterite wa South Dakota wote ni wakulima wenye asili ya Ulaya ya kati, wana familia kubwa, hawafugi paka na mbwa ndani ya nyumba, na hata jeni zao zinakaribiana. Waamish bado wanalima kwa farasi, na zizi la ng'ombe liko hatua chache kutoka mlangoni. Watoto huchezea humo. Wahutterite wana mashamba makubwa ya mashine, mbali na nyumba. Pumu kwa watoto wa Waamish ni asilimia 5.2, kwa Wahutterite asilimia 21.3. Vumbi la nyumba za Waamish lilikuwa na sumu za kuta za bakteria karibu mara 7 zaidi, na panya wa maabara waliovutishwa vumbi hilo hawakupata pumu.

Afrika nayo inasimulia habari hiyohiyo kwa lafudhi yake. Katika utafiti mwingine ulioongozwa na Mpairwe huko Entebbe, uliochunguza wanafunzi zaidi ya 1,600 wa miaka 5 hadi 17, waliozaliwa mjini walikuwa na pumu zaidi ya mara mbili ya waliozaliwa kijijini, ingawa sasa wote walisoma katika shule zilezile. Kilichohesabika zaidi si wanapoishi leo bali walikoanzia. Afrika Kusini, watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu walipimwa kwa kulishwa vyakula chini ya uangalizi: Cape Town, asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula. Mqanduli, kijijini Eastern Cape, asilimia 0.5.

Mzazi wa ghorofani Kariakoo hatahamia kijijini kwa ajili ya takwimu hizi, wala hapaswi. Anaweza kumwacha mtoto atambae bila kumfuta kila dakika, acheze na wenzake, aende kwa babu wakati wa likizo na kushika mbuzi. Kitu kimoja cha shambani asikiige: maziwa yasiyochemshwa. Yana hatari ya homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na hakuna kinga ya mzio inayofidia hayo.

Swali: Nilijifungua kwa upasuaji, na mtoto akapewa antibiotiki. Nimemharibia?

Hapana. Tafiti nyingi zikijumlishwa, watoto wa upasuaji huonekana kuwa na pumu kwa takriban asilimia 20 zaidi ya waliozaliwa kwa njia ya kawaida. Yaani kama watoto 10 kati ya 100 wangepata pumu, sasa ni 12. Sababu inayoshukiwa ni kwamba mtoto wa upasuaji hukosa bakteria wa njia ya uzazi na hupokea kwanza wale wa ngozi na wodi. Watafiti wa Denmark waligundua mwaka 2020 kwamba hatari hubaki kwa wale ambao bakteria wa tumboni mwao bado hawajakomaa wanapofikisha mwaka. Waliokwisha kufikia wenzao hawakuwa na hatari ya ziada. Kunyonya na kula vyakula mbalimbali huwasaidia kufika huko.

Upasuaji unaookoa maisha haujutiwi. Antibiotiki ni suala lingine, kwa sababu nyingi hutolewa bila sababu. Mafua ya virusi hayaponi kwa amoksilini, na kumnunulia mtoto wa miezi mitano chupa ya dawa kwa kila kikohozi ni tabia ambayo ingefaa kukoma hata kama mzio usingekuwapo duniani.

Swali: Maziwa ya mama yanakinga?

Kwa sehemu. Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika Belarus, likihusisha akina mama na watoto zaidi ya 17,000 katika hospitali za uzazi 31, nusu yake zikiwa zimefunzwa kuhimiza unyonyeshaji. Ukurutu katika mwaka wa kwanza ulipungua karibu nusu, kutoka asilimia 6.3 hadi 3.3. Watoto walipofika miaka sita na nusu, pumu na mzio vilikuwa sawa pande zote mbili. Miezi sita ya maziwa ya mama pekee ina sababu nyingine tele za kuheshimiwa, kuanzia kuhara hadi nimonia. Kuyaahidi kuwa ngao dhidi ya pumu ni kumwongezea lawama mama ambaye mtoto wake ataugua licha ya kunyonya vizuri.

Swali: Mtoto amefikisha miezi sita. Karanga nimpe lini? Nimeambiwa nisubiri miaka mitatu.

Ushauri wa miaka mitatu ulikuwapo kweli. Madaktari wa watoto wa Marekani waliutoa mwaka 2000 kwa watoto wenye hatari kubwa, wakauondoa mwaka 2008, kwa kuwa ushahidi haukuwapo na mzio wa karanga uliendelea kupanda. Mwaka huohuo Gideon Lack wa London alichapisha jambo lililoanzia kwenye mhadhara aliotoa Tel Aviv. Aliwauliza madaktari waliokaa mbele yake nani amemwona mtoto mwenye mzio wa karanga katika mwaka uliopita. London, karibu kila mkono ungenyooka. Pale ilinyooka miwili, mitatu. Lack na wenzake walilinganisha zaidi ya watoto 10,000 wa Kiyahudi wa nchi hizo mbili, watu wa asili moja. Uingereza mzio wa karanga ulikuwa asilimia 1.85, Israeli, asilimia 0.17. Tofauti kubwa ilikuwa mezani: watoto wa Israeli hula tangu wachanga kitafunwa kiitwacho Bamba, mahindi yaliyopulizwa na kupakwa siagi ya karanga, kinachoyeyuka mdomoni. Wa Uingereza walikuwa wakifichwa karanga.

Ikaja hatua ya kuthibitisha. Watoto 640 wa Uingereza wa miezi 4 hadi 11, wote wakiwa na ukurutu mkali au mzio wa yai, waligawanywa kwa kura: nusu wale karanga angalau mara tatu kwa wiki, nusu wasiziguse hadi miaka mitano. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Miongoni mwa wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha kitu mwanzoni, asilimia 13.7 ya waliokatazwa walipata mzio. Kwa waliokula ni asilimia 1.9. Ni nadra sana katika udaktari kuona katazo likigeuka kuwa dawa kwa tofauti kubwa kiasi hicho.

Sasa msomaji aangalie sufuria iliyoko jikoni kwake. Uji wa lishe, ambao akina mama wa Tanzania na Kenya humwanzishia mtoto akifikisha miezi sita, mara nyingi una karanga zilizosagwa pamoja na ulezi, mahindi na soya. Bibi zetu hawakusoma jarida lolote la London. Walimpa mtoto karanga mapema, zikiwa laini, mara kwa mara, kwa njia ya mdomo, na hilo ndilo jaribio zima la Lack kwa ufupi. Inahuzunisha kuona mama msomi wa mjini akizitoa karanga kwenye uji kwa kufuata ushauri ambao waliouandika wenyewe walishaufuta.

Mambo matatu ya kuzingatia. Karanga nzima ni hatari ya kumkaba mtoto hadi afike miaka mitano. Zisagwe au ziwe siagi iliyoyeyushwa ndani ya uji. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupwe, kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Na mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyewahi kuvimba baada ya kula yai, aonwe na daktari kabla ya kijiko cha kwanza. Kwa wengine, ncha ya kijiko asubuhi, mtoto akiwa mzima, na mama kumwangalia kwa saa mbili, inatosha kuanzia. Yai lililochemshwa likaiva vizuri nalo lisicheleweshwe.

Swali: Bibi yake anampaka mafuta kila anapomwogesha. Yanafaa?

Hapa ndipo msafara wa mwanzo unapoeleweka. Lack alipendekeza kwamba mwili una milango miwili ya kukutana na chakula. Kikipitia tumboni, kinga hukizoea. Kikipenya kwenye ngozi iliyopasuka, kinga hukichukulia kuwa mvamizi. Mwaka 2003 yeye na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba watoto wenye mzio wa karanga walikuwa wamepakwa krimu zenye mafuta ya karanga mara nyingi zaidi walipokuwa wachanga. Mtoto mwenye ukurutu ambaye halishwi karanga, huku watu wazima wanazila nyumbani na kumshika kwa mikono hiyohiyo, anakutana nazo kwa mlango mbaya.

Basi mafuta ya kula, hasa ya karanga na ufuta, yasipakwe kwenye ngozi iliyochubuka. Mafuta yasiyo na manukato, kama ya mgando, yanatosha, na anayepaka anawe mikono kwanza. Kumpaka mtoto mwenye ngozi nzima ili tu kumkinga hakusaidii: majaribio mawili makubwa ya Uingereza na Skandinavia, yaliyotoka mwaka 2020, hayakuona upungufu wa ukurutu.

Ukurutu ukishakuwapo ni lazima utibiwe. Tatizo ni kuutambua. Vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyekundu, kwa kuwa viliandikwa kwa kuangalia watoto weupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani; huonekana rangi ya majivu au zambarau iliyokolea, vipele vidogo kama vya kuku aliyenyonyolewa, na ngozi nene yenye mistari. Mama akiambiwa si ukurutu kwa sababu hakuna wekundu, ana haki ya kuomba mtu mwingine amtazame mtoto. Krimu ya steroidi iliyoandikwa na daktari, ikitumika kwa siku alizosema, ni salama kuliko mrija wa kujing'arisha unaouzwa bila maelezo, ambao mara nyingi huficha steroidi kali isiyotajwa.

Swali: Dada yangu yuko Melbourne. Watoto wake wako hatarini zaidi?

Inawezekana. Melbourne ni miongoni mwa miji yenye mzio mwingi wa chakula duniani; uchunguzi wa watoto wa mwaka mmoja uliotoka 2011 ulikuta zaidi ya mmoja kati ya kumi anao. Watoto waliozaliwa Australia na wazazi kutoka Asia walikuwa na mzio wa karanga zaidi kuliko hata watoto wa wenyeji, ilhali watoto waliozaliwa Asia wakahamia baadaye walikuwa nao kidogo. Familia za Afrika Mashariki zinazohamia huko zina kila sababu ya kufunga safari na mapishi ya uji wa lishe.

Swali: Nitajuaje kwamba hali ni ya hatari? Na je, mzio huisha?

Vipele vichache karibu na mdomo si dharura. Ni dharura pale mtoto, ndani ya dakika chache au saa mbili baada ya kula, anapovimba ulimi au midomo, sauti inapobadilika, kifua kinapolia, anapotapika mfululizo huku ngozi imejaa mabaka, au anapolegea na kupoteza rangi. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye paja, upesi. Dawa ya mzio kama setirizini hutuliza muwasho tu, haifungui koo. Mtoto alazwe chali, na kama anapumua kwa shida aketishwe. Asibebwe begani wima mpaka hospitalini. Hospitalini mzazi aseme jambo moja kwanza: amekula nini na saa ngapi.

Kuhusu kuisha, wengi wenye mzio wa maziwa na mayai hupona kabla au wakati wa shule ya msingi. Wa karanga hupona takriban mmoja kati ya watano. Kwa hiyo orodha ya vyakula vilivyokatazwa isibaki kwenye kadi ya mtoto miaka na miaka bila kuguswa. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili arudishwe kwa daktari apimwe upya, na chakula kijaribiwe hospitalini, mbele ya watu wenye sindano mkononi.